Kaboni iliyoyeyuka majini: kwa nini bakteria hawajaimaliza?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimepeleka maabara maji ya kijito kinachotoka kwenye kinamasi. Hayana tope hata kidogo, ila rangi yake ni ya hudhurungi kama chai. Majibu yanasema kaboni ogani iliyoyeyuka ni miligramu 14 kwa lita. Mwenzangu anasisitiza kuwa hiyo ni kaboni dioksidi iliyoingia majini kutoka hewani. Je, ni kweli? Halafu nimesoma kwamba baharini kaboni ya aina hii ni nyingi mno na ina umri wa maelfu ya miaka. Kama ni chakula cha bakteria, mbona hawajaimaliza?

Jibu: Marahaba. Nianze na mwenzako, maana kosa lake ni la kawaida.

Majini kuna kaboni za namna mbili. Moja ni kaboni dioksidi pamoja na ndugu zake, bikabonati na kabonati. Nyingine ni ile iliyojengwa na viumbe hai: sukari, asidi za amino, mabaki ya majani, mizizi na mwani yaliyooza hadi kugeuka molekuli ndogondogo. Ripoti yako inaihusu hii ya pili. Maabara kwanza hutia asidi kwenye sampuli hadi pH ifike kama 2, kisha hupitisha gesi safi ili kufukuza kaboni dioksidi yote. Kinachobaki ndicho huchomwa kwenye tanuri la nyuzi kama 700 za Selsiasi lenye platini, na kaboni dioksidi inayozaliwa humo ndiyo hupimwa. Kwa hiyo ile anayoisema mwenzako ilishatolewa nje kabla ya kipimo kuanza.

Neno "iliyoyeyuka" nalo lina mtego, kwa sababu mpaka wake umewekwa na chujio. Maabara nyingi za maji baridi hutumia chujio la mikrometa 0.45. Wanaopima bahari hutumia sana chujio la nyuzi za glasi la 0.7, lililochomwa kwanza ili lisiwe na kaboni yake lenyewe. Virusi, koloidi (chembe ndogo mno zinazoelea majini) na hata baadhi ya bakteria wadogo hupita, nao huhesabiwa kuwa "wameyeyuka". Uliza maabara yako ilitumia chujio gani na kama lilisuuzwa. Niliwahi kutupa sampuli za wiki nzima kwa sababu ya chujio ambalo halikusuuzwa, na tangu siku hiyo sikubali namba bila kujua habari ya chujio.

Miligramu 14 kwa maji ya kinamasi si jambo la kushtua. Rangi inatokana na molekuli za mboji zinazofyonza mwanga wa buluu na urujuanimno. Ndiyo rangi hiyohiyo ya Rio Negro huko Amazon. Maji hayawi sumu kwa ajili ya rangi hiyo, ila yakitiwa klorini ili yanywewe, mboji hiyo huzalisha trihalomethani, yaani kemikali zenye klorini zinazoweza kudhuru afya, jambo lililoonyeshwa na Johannes Rook nchini Uholanzi mwaka 1974. Anayetaka kuyanywa aipunguze kaboni hiyo kabla ya kutia klorini.

Sasa bahari. Kilindini kaboni ogani iliyoyeyuka ni kama nusu miligramu tu kwa lita, lakini bahari ni kubwa: jumla yake ni takriban tani bilioni 660, karibu robo tatu ya kaboni iliyomo angani leo. Swali lako limewasumbua wanakemia kwa miongo kadhaa, na ninalipenda kwa dhati.

Sehemu moja ya kaboni hiyo huliwa kweli, tena upesi. Sukari inayovuja kutoka kwenye mwani leo huweza kuliwa kabla ya kesho. Farooq Azam na wenzake walieleza mwaka 1983 jinsi bakteria wanavyokula mivujo hiyo, nao wakaliwa na protozoa, hivyo kaboni ikarudi kwenye mlolongo wa chakula. Ukipima utakuta kidogo, lakini uchache huo ni wa kitu kinachopita mbio.

Iliyobaki ndiyo yenye umri. Mwaka 1987 Peter Williams na Ellen Druffel walipima kaboni 14, aina ya kaboni inayopungua polepole na hivyo kutumika kukadiria umri, katika Pasifiki ya Kaskazini na kupata kilindini umri wa miaka kama 6,000. Huo ni wastani, ndani yake mna changa na kongwe zaidi. Maji ya bahari huzunguka kutoka juu hadi kilindini na kurudi kwa takriban miaka elfu moja, maana yake molekuli hizi zimeshafunga safari hiyo mara kadhaa.

Wengine husema zimedumu kwa kuwa bakteria wameshazitafuna na kuzigeuza hadi zikawa ngumu. Wengine wanasema ni uhaba: kuna aina nyingi mno za molekuli, kila moja ikiwa chache kiasi kwamba haimlipi bakteria kutengeneza kimeng'enya chake. Jesús Arrieta na wenzake waliikoleza kaboni ya kilindini, na katika matokeo yao ya 2015 bakteria walikua. Kuna pia jua: likizipiga molekuli kongwe zinapopanda juu, huzivunja vipande vinavyolika. Kwa maoni yangu hakuna haja ya kuchagua moja. Molekuli ngumu gizani si lazima iwe ngumu juani.

Mito inanipa sababu ya kuamini hivyo. Hupeleka baharini karibu robo ya tani bilioni ya kaboni hii kila mwaka, kiasi ambacho kingejaza akiba yote ya bahari kwa miaka isiyofika 3,000. Hata hivyo alama za mimea ya nchi kavu, kama lignini, ni chache sana baharini. Nyingi huvunjwa njiani na pwani. Katika makadirio ya Jonathan Cole na wenzake ya 2007, kati ya tani bilioni 1.9 za kaboni ya kila aina zinazoingia kwenye mito na maziwa kwa mwaka, kama 0.8 hurudi hewani kabla ya kufika baharini na 0.2 huzikwa kwenye mashapo.

Basi mwambie mwenzako kwamba katika vijito vya kinamasi mwelekeo kwa kawaida ni kinyume na anavyodhani: maji ndiyo huipa hewa kaboni dioksidi.

Unaweza kuona mwanzo wa safari hiyo mwenyewe. Chuja maji ya kijito, ongeza asilimia moja ya maji yasiyochujwa ili kurudisha bakteria, kisha uyagawe kwenye chupa mbili: moja gizani, nyingine juani, zote katika joto linalokaribiana. Ya juani iwe ya glasi ya kwatsi, kwa kuwa glasi ya kawaida huzuia sehemu ya urujuanimno. Pima siku ya kwanza na siku ya 28. Kilichopungua gizani kimeliwa na bakteria. Kilichopungua zaidi juani kinaonyesha mchango wa mwanga.