Maswali ya Wasomaji: Siku Sita Zatosha Malta?

SWALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Mimi ni mwalimu wa skuli ya sekondari na makaazi yangu ni Mwanakwerekwe, Unguja. Kwa miaka kadhaa mimi na mke wangu tumekuwa tukiweka akiba ili tufike Ulaya japo mara moja, na nafasi tunayoipata ni siku sita tu, ama Juni ama Disemba, skuli zikifungwa. Tumeichagua Malta, lakini rafiki yangu aliyewahi kusoma huko Ulaya ananiambia kwamba nchi ile humalizika kwa siku mbili, na kwamba siku zilizobaki bora twende Roma. Naomba ushauri wako, pamoja na maelezo ya viza.
Mwalimu, Mwanakwerekwe

JIBU: Waalaykum salaam, Mwalimu. Rafiki yako simlaumu, kwani Malta yote, pamoja na kisiwa chake cha pili cha Gozo, ina kilomita za mraba 316, eneo ambalo halifikii hata nusu ya Pemba. Hata hivyo siungi mkono shauri lake. Ukitoa siku ya kufika na siku ya kuondoka, unabaki na siku nne, na safari ya Roma itakula mbili kati ya hizo katika viwanja vya ndege na kupanga foleni. Ibakisheni Malta peke yake.

Mwezi uwe Juni. Disemba ni majira ya mvua na baridi huko, ilhali mwezi wa Juni joto lake ni la kawaida kwetu sisi na umati wa Julai na Agosti haujajaa. Jambo moja tu litawashangaza: jua huzama yapata saa mbili na dakika ishirini usiku, hivyo msije mkaipima Magharibi kwa mazoea ya nyumbani.

Fikieni Valletta, mji mkuu, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 1566, mwaka mmoja baada ya askari-watawa wa Mtakatifu Yohana kuhimili mzingiro mkubwa wa jeshi la Waturuki. Mtu aliyezoea vichochoro vya Mji Mkongwe atastaajabu kuona mitaa iliyonyooka kama uzi, lakini akiinua macho atazikuta roshani za mbao zilizofunikwa, na hapo hatajihisi mgeni sana. Katika kanisa kuu la Mtakatifu Yohana, ambalo nje ni kavu mithili ya ukuta wa ngome na ndani limejaa dhahabu, umo mchoro wa Caravaggio, mchoraji mashuhuri wa Kitaliano, wa mwaka 1608, mmoja pekee unaojulikana kuwa na saini yake. Wageni wa dini zote huruhusiwa kuingia, na sharti lao la kufunika mabega halitampa taabu mvaaji wa buibui.

Lipo jambo ambalo lazima mlitengeneze kabla hamjaondoka Unguja, nalo ni tikiti za Ħal Saflieni, maziko ya kale yaliyochongwa chini ya ardhi kwenye mwamba, maelfu ya miaka iliyopita. Ili kuulinda mwamba huo na pumzi za watu, huingizwa watu 80 tu kwa siku, kumi kumi, na nafasi hujaa wiki nyingi mbele. Nunueni kwa intaneti mara tu mtakapopata viza.

Sasa nikwambie sababu hasa inayonifanya niwazuie msiende Roma. Waislamu waliitwaa Malta mwaka 870, Wanormani, Wakristo wa Ulaya, wakaja mwaka 1091, na lugha iliyobaki vinywani mwa watu hadi leo ina asili ya Kiarabu, ingawa huandikwa kwa herufi za Kilatini. Mtasikia *sitta*, *sebgħa* na *disgħa*, nanyi mtajua kwamba ni sita, saba na tisa. Mtasikia *baħar* na *dinja*, wala hamtahitaji mkalimani. Mji wao wa kale huitwa Mdina. Hata mfungo wa Wakristo kabla ya Pasaka wao huuita *Randan*, na asili ya neno hilo nadhani huhitaji kuambiwa.

Kwa hiyo vukeni kwenda Gozo na mlale huko usiku mmoja au miwili. Feri kutoka Ċirkewwa huchukua kiasi cha dakika 25, na nauli hulipwa wakati wa kurudi tu. Yapo mahekalu ya Ġgantija, ambayo yamezitangulia piramidi za Misri, lakini mimi ningekimbilia kwanza makumbusho ya akiolojia yaliyomo ndani ya ngome ya mji. Humo mna jiwe la kaburi la Maymuna binti Hassan, aliyefariki mwezi wa Shaaban mwaka 569 wa Hijra, yaani 1174, limeandikwa kwa hati ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu. Wewe ni mwalimu, na bila shaka umewahi kuwapeleka wanafunzi Kizimkazi kuuona mihrabu wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Simama mbele ya jiwe lile uyakumbuke ya Kizimkazi.

Kuhusu viza, mnayoihitaji ni ya Schengen, viza moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari, ada yake ni yuro 90 kwa mtu mzima, na bima ya afya ya safari isipungue yuro 30,000. Nchi ndogo mara nyingi huwakilishwa na ubalozi wa nchi nyingine, basi ulizeni mapema ni upi, na muingize katika hesabu nauli ya boti ya Dar es Salaam, kwani alama za vidole hutolewa ana kwa ana.

SWALI: Je, watoto wa miaka minne na tisa nao hulipiwa viza, na chakula cha halali kitapatikana?
Mama watoto, Wete

JIBU: Bibie, wa miaka minne halipiwi, na wa tisa hulipiwa yuro 45. Kwa chakula, tegemeeni zaidi samaki, ambao hawaadimiki. Jumapili kuna soko lao Marsaxlokk, ambako mashua zimechorwa macho omoni. Msikiti upo mji wa Paola, nao huitwa Mariam Al-Batool. Watoto watavutiwa na *pastizzi*, vitafunio vya njegere au jibini vinavyouzwa kila kona, lakini muulizeni muuzaji kwanza, kwa kuwa wapo wanaokanda unga wake kwa mafuta ya nguruwe.