Kabla hujampeleka mdeni kortini, piga hesabu kwanza

Mtu akidhulumiwa pesa anachowaza ni nani mwenye haki, basi. Mimi nafunga madirisha ya alumini na wateja wa "nitakumalizia mwisho wa mwezi" nawajua vizuri sana, na nawaambia unaweza kuwa na haki kilo mia na mfukoni usiingie hata shilingi.

Hapa Kenya tangu Aprili 2021 tuna mahakama ya madai madogo, deni lisizidi milioni moja, kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60, na wakili si lazima, unajisimamia mwenyewe. Tena hawabanwi sana na zile kanuni kali za ushahidi, so meseji za WhatsApp, za M-Pesa, kwotesheni uliyomtumia akajibu "sawa fundi anza", printi zote ubebe.

Sasa hesabu yenyewe. Tuseme unadai 80,000. Ushahidi wako mzuri, nafasi ya kushinda weka asilimia 80. Halafu hapa ndipo watu wanaruka: ukishinda, nafasi ya kulipwa kweli ni ngapi? Manake hukumu ni karatasi, kukamua pesa ni kazi nyingine, kuna dalali wa mahakama, yule anayekamata mali ya mdeni auze, na yeye anataka chake, na sheria hairuhusu kumkamatia mtu nguo, kitanda wala masufuria. Kama jamaa anapanga chumba na kila kitu kina jina la mkewe, weka asilimia 50 na hapo umemsifu. 80,000 mara 0.8 mara 0.5 ni 32,000. Toa ada, nauli na siku utakazokosa kazini, tuseme 10,000, kesi yako thamani yake ni 22,000. Akija na 40,000 taslimu leo, chukua bana, mwandikishane yaishe. Lakini akiwa na duka lina stoki na watu wanaliona, hiyo 50 inapanda mpaka 90, hapo usikubali kupunguziwa ovyo.

Na ile mafuta na airtime ya simu uliyochoma miezi yote ukimfuata usiiingize kwenye hesabu, imeshaenda, ushitaki usishitaki hairudi.

Mdeni naye anapiga hesabu zake. Gary Becker, mchumi wa Marekani aliyepata Nobeli 1992, alisimulia siku amechelewa kwenda kumtahini mwanafunzi Columbia, akapima faini ni kiasi gani na nafasi ya kushikwa ni ngapi, akapaki mahali pasiporuhusiwa, na njiani akaanza kufikiria mambo ambayo 1968 aliyaandika kuhusu uhalifu na adhabu. Jamaa yako ni hivyo hivyo, kukuzungusha ni bure kwa hiyo anakuzungusha. Kumtukana kwa simu hakumpandishii gharama hata kidogo. Kinachopandisha ni barua yenye kiasi, tarehe ya mwisho, na hati ya madai umeshaijaza umeambatanisha, anaona kabisa hii wiki ijayo inafailiwa kortini. Wangu wengi hulipa hapo, au wanaomba kulipa kidogo kidogo.

Akiwa shemeji au jirani ongeza gharama ya kununiana harusini miaka kumi, mara nyingi kusuluhishwa na wazee wa mtaa ni nafuu zaidi. Deni la mkataba lina miaka 6 kabla halijapitwa na wakati, so unaweza kumngoja mpaka apate kazi, ila risiti zako zihifadhi manake simu zinaibwa.