Jibu: Umeme wa neva unatoka wapi?

Mkuu, umeuliza neva inapata wapi umeme wakati mwilini hamna betri wala waya. Unatokana na chumvi. Nje ya seli ya neva kumejaa sodiamu, ndani kumejaa potasiamu, zote mbili chembe za chumvi zenye chaji chanya, na utando unaozitenganisha hufanya ndani kuwe hasi kwa takriban milivolti 70. Pampu ndogo kwenye utando huilinda tofauti hiyo usiku na mchana: kila mzunguko hutoa chembe 3 za sodiamu, huingiza 2 za potasiamu.

Neva ikisisimuliwa vya kutosha, vijilango vya sodiamu vilivyo kwenye utando hufunguka ghafla. Sodiamu humiminika ndani, ndani hugeuka kuwa chanya, kisha potasiamu hutoka na hali hurudi ilivyokuwa. Yote hayo kwa milisekunde moja au mbili! Mgeuko huo hufungua vijilango vya jirani, navyo vinafungua vinavyofuata, mpaka mwisho wa neva. Wanasayansi Hodgkin na Huxley walilipima jambo hili kwenye neva nene ya ngisi, wakachapisha matokeo mwaka 1952. Kwangu mimi ni kati ya kazi nzuri kabisa katika biolojia.

Ukitaka ushahidi, mtazame bunju, yule samaki anayejivimbisha. Sumu yake huziba vijilango vya sodiamu. Aliyemla huanza kushikwa ganzi midomoni na ulimini, halafu misuli ya kupumua hulegea, na akili yake inaweza kubaki timamu muda wote huo. Kupika hakuiondoi sumu. Akitokea mtu kala bunju, mkimbizeni hospitali asaidiwe kupumua kwa mashine, maana dawa ya kuizima sumu hiyo haipo.