Mfungwa kunyimwa dawa: je, kunyamaza ndiyo subira?

SWALI: Asalaam alaykum Shekhe. Mimi ni mkaazi wa Langoni, Lamu. Ndugu yangu mdogo amefungwa miaka miwili huko bara, naye ana kisukari. Kila siku huambiwa dawa hazijaja. Nilivuka hadi Mokowe na sindano zake kwenye themosi ya barafu, nikarudishwa nazo mlangoni. Kidonda cha mguu sasa chanuka. Jamaa wasema tunyamaze, ni kafara ya makosa yake. Askari mmoja ataka kitu kidogo ndipo amfikishe hospitali. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumu salaam, mwanangu. Allah amponye.

Hilo la kafara, waambie jamaa waliache. Kweli maradhi humfutia Muislamu madhambi, lakini hesabu hiyo ni ya Mungu, si ya bawabu wa gereza. Hakimu alimhukumu miaka miwili, mguu hakuuhukumu. Mtume (s.a.w.) ametueleza mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie wadudu. Paka, mwanangu! Umar bin Abdulaziz naye, alipokuwa khalifa, aliwaandikia maamiri wake wawaangalie wafungwa wagonjwa wasio na jamaa wala mali.

Wala subira si kufunga mdomo. Nabii Yusuf alikuwa gerezani, na bado alimwambia mwenzake aliyekuwa akitoka: nitaje mbele ya bwana wako.

Kuhusu kitu kidogo, usikimbilie. Mtoaji na mpokeaji rushwa wote wamelaaniwa. Wanavyuoni wengi wamemruhusu aliyedhulumiwa atoe mali kuikomboa haki yake, dhambi ikabaki kwa mpokeaji, lakini ni pale asipokuwa na njia nyingine. Wewe njia unazo. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 51, yasema mfungwa habanduki na haki zake ila zile zisizopatana na kufungwa kwenyewe. Cha 43 chakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura, na kidonda cha kisukari kinachonuka si cha kungoja. Cha 22 chakuruhusu wewe dada kwenda Mahakama Kuu kwa niaba yake, na kufungua kesi hiyo hakuna ada.

Anza na barua kwa mkuu wa gereza. Taja tarehe uliyorudishwa, eleza kidonda kilivyo, ambatisha cheti cha daktari, na usiondoke bila nakala iliyopigwa muhuri.

Sisi watu wa Lamu nasi tuna letu. Ngome pale Mkunguni ilipokuwa gereza, hadi 1984, mfungwa alikuwa jirani. Sasa yuko ng'ambo ya maji, na kumzuru tumekuacha.

Njoo msikitini baada ya Alasiri tuiandike hiyo barua. Siku ya kuvuka nitakuwa nawe inshallah, na themosi tutaibeba tena. Wallahu a'lam.