Simu inakoroma ndani ya redio

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi hukaa zamu ya usiku kwenye chumba cha kupangia magari ya wagonjwa kwa redio ya upepo. Simu yangu ya mkononi inapokaribia kuita, spika huanza tr-tr-tr, tr-tr-tr, halafu trrrrr. Juzi nilimtajia dereva nyumba namba sabini, mkoromo ukapita, yeye akasikia sitini. Mkuu wangu anasema redio imechakaa, inunuliwe nyingine. Ni kweli?
Wa Zamu ya Usiku

JIBU: Marahaba. Mwambie mkuu asifungue mfuko kwanza. Mimi mwenyewe niliwahi kufungua redio ya namna hiyo nikabadilisha pawasapulai nzima, na mkoromo ukabaki pale pale. Kila nikiinama kusikiliza, unazidi. Nikaja kugundua baadaye kwamba simu iko kwenye mfuko wa shati langu.

Simu inapotumia 2G, ule mtandao wa simu wa kizazi cha zamani, hairushi mawimbi mfululizo. Hadi simu nane hupokezana masafa yale yale, kila moja na zamu yake, kwa hiyo yako hurusha, hunyamaza, hurusha tena, mara 217 kwa sekunde. Kwenye megahazi 900 kila mrusho unaweza kufika wati 2. Sikio halisikii mawimbi hayo, ila waya wa maiki huyadaka kama antena. Kipande cha sentimita 8 kinatosha. Transista ya kwanza, kile kidude cha kukuza sauti ndani ya redio, inayokutana nayo huyapoteza mawimbi yenyewe na kubakiza mapigo. Mapigo 217 kwa sekunde sikio linayasikia vizuri sana, ndiyo huo mkoromo wako. Na unautangulia mlio wa simu kwa sababu simu huanza kuzungumza na mnara kabla ya kuita. Hata isipopigiwa, kila baada ya muda hujitambulisha kwa mnara, ndiyo maana wengine hudhani redio ina mashetani.

Neno moja la barua yako limenisaidia: dereva alisikia vibaya. Mkoromo ungekuwa unaingia kwenye spika yako tu, ungekukera wewe na dereva asingejua lolote. Ukiwafikia walio barabarani, umepitia kwenye maiki au waya wake. Hakikisha: mwenzako atoke na redio ya mkono, wewe bonyeza maiki bila kusema kitu, na mtu wa tatu akupigie simu. Kisha achia maiki, punguza sauti ya redio hadi mwisho, upigiwe tena. Ukiusikia bado, unaingia pia kwenye waya wa spika, baada ya kitufe cha sauti.

Dawa ya kwanza haina gharama, ni umbali. Simu iliyo sentimita 20 kutoka kwenye maiki ukiihamishia mita 2, nguvu inayofika hushuka hadi kama sehemu moja ya mia. Chumba kikiwa na mtandao hafifu ongeza umbali, maana simu isiyosikika na mnara hupaza sauti, yaani hurusha kwa nguvu zaidi. Dawa ya pili ni kipete cha feraiti, kile kidude kinene cheusi unachokiona kwenye waya za kompyuta. Kibane kwenye waya wa maiki, karibu kabisa na unapoingia kwenye redio, na kingine upande wa maiki. Isipotosha, fundi achomelee kapasita ndogo ndani ya maiki.

Simu ya 4G hutuliza mambo, kwani hurusha kama wati 0.2 na kwa kawaida haina pigo lile. Lakini mahali ambapo mtandao haupitishi mazungumzo kwenye 4G, simu ikipigiwa inaweza kurudi 2G, na mkoromo nao unarudi.

Msichanganye na balaa la minara ya simu kuziba masikio ya redio za polisi na zimamoto, lililoifanya Marekani mwaka 2004 iamue kuwapanga upya watumiaji wa megahazi 800. Redio ya hivyo haikoromi. Inakuwa kiziwi tu ukiukaribia mnara, na kuhamisha simu yako hakusaidii kitu.

Sipendi lile bango la "zima simu" ukutani. Redio ikizimika usiku, simu hiyo hiyo ndiyo mtakayoikimbilia. Itafutieni rafu upande wa pili wa chumba. Na kabla fundi hajafika, namba za nyumba zitaje tarakimu moja moja: saba, sifuri. Sitini na sabini zikikatwa mwanzo, kinachobaki ni "ini" tu, na dereva atachagua anayoitaka.