John Connor hatoweki kwa nini?

Yakhe, umeuliza: ikiwa Skynet, ile kompyuta ya kijeshi inayowageukia binadamu, iliangamizwa katika filamu ya pili ya Terminator, nani basi alimtuma askari Kyle Reese kutoka siku zijazo, na John kazaliwaje? Tatizo ni kwamba filamu mbili za kwanza hazifuati sheria moja.

Ya 1984 ni duara. John, mtu mzima mwaka 2029 na kiongozi wa binadamu vitani, anamtuma Kyle nyuma akamlinde mamake, Sarah, dhidi ya roboti muuaji aliyetumwa na Skynet, na Kyle huyo ndiye anayekuja kuwa babake. Hakuna kinachobadilika. Hata ile picha ya Sarah aliyokuwa nayo Kyle vitani, mwisho wa filamu tunaona kitoto kikimpiga picha hiyo pale kwenye kituo cha petroli, naye ni mjamzito tayari na Kyle keshakufa. Mara ya kwanza kuiona nilikuwa na kikombe cha kahawa chungu mkononi. Nusu yake iliishia kwenye kikoi.

Ya 1991 inasema kesho inageuzika. Sarah na John wanayeyusha chipu na mkono uliobaki wa roboti yule wa kwanza, ambavyo Skynet ingeundwa kutokana navyo, ili Agosti 29, 1997, siku ambayo Skynet ingeanzisha vita vya nyuklia, ipite salama. Haya, bila Skynet Kyle hana sababu ya kuja. Labda useme wakati umegawanyika, kama matatu mbili zinapoachana Changamwe, moja ikashika njia ya Miritini na nyingine ya Port Reitz: ile ya kwanza ingali barabarani, ila wewe huioni tena. Lakini filamu yenyewe haisemi hivyo, hicho ni kiraka chetu mashabiki.

Ya 2003 ikaja kudai siku ile iliahirishwa tu. Hesabu ikakaa sawa kidogo, jasho la Sarah likaenda bure.