Jina la Washington lilianzia wapi?
Ukidhani jina la ukoo la Washington lilianzia Marekani, hapana ndugu. Ni la kijiji cha Washington, kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Mwishoni mwa karne ya 12 William de Hertburne alihamia huko, akaanza kuitwa kwa jina la makazi yake mapya. Hata Hertburne lilikuwa jina la mahali! Uzao wake ulisambaa kusini, na mwaka 1539 Lawrence Washington akanunua ardhi Sulgrave, Northamptonshire. John, baba wa babu yake Rais George Washington, ndiye aliyevuka bahari hadi Virginia miaka ya 1650. Na hili lisisahaulike: leo Wamarekani walio wengi wenye jina hilo ni Weusi. Booker T. Washington, mwalimu maarufu Mweusi aliyezaliwa utumwani, alijichagulia jina hilo mwenyewe akiwa mtoto shuleni.